Mafuta ya mimea yaisaidie dawa ya kisukari, yasichukue nafasi yake

Ganzi, kuwaka moto na kuchomwachomwa kwa nyayo, hasa nyakati za usiku, ni dalili za kuharibika kwa mishipa ya fahamu, mojawapo ya madhara makubwa ya kisukari cha muda mrefu. Chanzo ni sukari iliyozidi katika damu, ambayo huidhuru mishipa hiyo pamoja na mishipa midogo ya damu inayoilisha.

Kwa wakazi wa jiji la Arusha na miteremko ya Mlima Meru, mafuta ya parachichi, alizeti, nazi na habasoda hayako mbali. Je, mgonjwa anaweza kuyatumia pamoja na dawa za hospitali?

Anaweza, lakini kwa mipaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993, uliohusisha wagonjwa 111, ulionyesha kwamba asidi ya gama-linoleniki, itokanayo na mafuta ya mbegu za mmea wa primrosi, ilileta nafuu baada ya mwaka mmoja. Hata hivyo, walionufaika zaidi ni wale ambao sukari yao ilikuwa imedhibitiwa vizuri.

Aidha, mwaka 2020 Marekani iliidhinisha plasta yenye asilimia 8 ya kapsaisini, kiini cha ukali wa pilipili, kwa maumivu ya miguu ya kisukari. Plasta hiyo hubandikwa na mtaalamu. Kujipaka pilipili nyumbani huweza kuunguza ngozi.

Dawa kama amitriptilini, gabapentini na dulosetini nazo hutuliza maumivu, lakini haziponyi mshipa ulioharibika. Kinachozuia madhara yasiendelee ni kudhibiti sukari.

Mafuta ya kawaida hulainisha ngozi kavu isipasuke. Yasipakwe katikati ya vidole, kwa kuwa unyevunyevu huleta fangasi, wala yasipashwe moto. Mguu wenye ganzi hausikii joto, na katika baridi ya Juni na Julai, kuota moto au kutia miguu katika maji ya moto huweza kuacha kidonda kisichopona. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam walieleza juu ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni usiku.

Habasoda ikinywewa huweza kushusha sukari, hivyo daktari aelezwe mapema.

Mwaka 2011 maelfu ya watu walipita Arusha kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kilichosemwa kuwa kinatibu kisukari pia. Anayeacha dawa kwa kutumaini tiba nyingine huihatarisha miguu na hata maisha yake.

Ni vyema mgonjwa azikague nyayo zake kila jioni, avae viatu daima, na awahi hospitali aonapo kidonda, hata kama hakiumi.