Kiti cha Dhamana: Mkuu wa Serikali Akae Miaka Mingapi?

Wewe unayesoma kitabu hiki, soma polepole, mstari kwa mstari. Leo utakutana na tarakimu za miaka mingi, lakini usiogope. Ziandike pembeni, kisha utaziona zinavyofuatana.

Kwanza, fikiri jambo hili. Tuseme wewe ni mvuvi wa Ujiji au Kibirizi. Jirani yako anakuja, anasema, "Ndugu yangu, niazime mtumbwi wako." Unamjibu, "Chukua." Humwulizi ataurudisha lini, naye hasemi. Wiki inapita, mwezi unapita, mwaka unapita. Ukienda kuudai, anakwambia, "Kwani nimeuvunja? Si mimi ninayeuziba matundu?" Na pengine ni kweli, anautunza vizuri. Lakini mtumbwi ni wa nani? Sasa mna ugomvi, na chanzo cha ugomvi huo ni siku ambayo hamkuitaja mlipoazimana.

Madaraka ya serikali ni kama mtumbwi huo. Mwenyewe ni raia. Kiongozi amepewa dhamana tu, na kila dhamana ina siku ya kurudishwa. Leo tutaangalia jinsi watu wa Ziwa Tanganyika walivyojifunza jambo hilo, wengine kwa amani na wengine kwa machozi.

Mkuu wa serikali ni nani? Ni yule anayewaongoza mawaziri na kuendesha kazi za serikali. Katika nchi nyingine huyo ni Waziri Mkuu. Katika Tanzania, Katiba inasema kwamba Rais ndiye Mkuu wa Nchi, na ndiye Mkuu wa Serikali pia. Waziri Mkuu humsaidia, na husimamia shughuli za serikali katika Bunge.

Zamani watu wa Ujiji hawakuulizwa nani awatawale, wala kwa muda gani. Mwinyi Kheri, mkubwa wa wafanya biashara wa Ujiji, alikaa na ukubwa wake mpaka alipofariki mwaka wa 1885. Baada yake alikuja Rumaliza, halafu Wajerumani. Mwaka wa 1916, wakati wa vita, Wabelgiji waliiteka Kigoma, wakakaa mpaka mwaka wa 1921, ndipo Waingereza wakaipokea. Gavana Twining alitawala Tanganyika tangu mwaka wa 1949 hadi 1958. Aliyemleta na aliyemwondoa ni serikali ya London. Basi, siku zile mwisho wa mtawala uliletwa na kifo, au vita, au barua kutoka ng'ambo.

Tarehe 9 Desemba 1961 tukapata Uhuru, na Mwalimu Julius Nyerere akawa Waziri Mkuu wa nchi huru. Je, alikaa siku ngapi katika cheo hicho baada ya Uhuru? Siku 44 tu! Tarehe 22 Januari 1962 alijiuzulu ili akaimarishe chama cha TANU, na Rashidi Kawawa akashika nafasi yake. Tarehe 9 Desemba 1962 nchi ikawa Jamhuri, na Mwalimu akawa Rais. Safari hii alikaa karibu miaka 23, mpaka tarehe 5 Novemba 1985.

Hapa lazima tuseme kweli. Katiba ya miaka ile haikuweka kikomo. Katika uchaguzi wa mwaka wa 1965, 1970, 1975 na 1980, mpiga kura aliona jina moja tu la Rais, akajibu ndiyo au hapana. Kama Mwalimu angetaka kuendelea, hakuna sheria iliyomzuia. Lakini mwaka wa 1984 Katiba ilibadilishwa. Ikasema Rais atachaguliwa kwa miaka 5, na hawezi kuchaguliwa zaidi ya mara 2. Mwaka uliofuata Mwalimu akaondoka.

Sasa hesabu mwenyewe. Ali Hassan Mwinyi, 1985 hadi 1995. Benjamin Mkapa, 1995 hadi 2005. Jakaya Kikwete, 2005 hadi 2015. Kila mmoja miaka 10, kisha akarudi nyumbani. John Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, kabla ya kumaliza kipindi chake cha pili. Tarehe 19 Machi Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, akaapishwa. Hata hapo Katiba ilikuwa imekwisha kutoa jibu: Makamu akishika kiti kwa miaka 3 au zaidi, ataruhusiwa kugombea mara moja tu, ikipungua miaka 3, mara mbili.

Labda utauliza, "Basi kiongozi akikaa muda mfupi ndiyo amani?" Sivyo. Tazama kaskazini ya ziwa letu, Burundi. Mwanamfalme Louis Rwagasore alipokuwa Waziri Mkuu mwaka wa 1961, hakutimiza hata wiki 3. Tarehe 13 Oktoba alipigwa risasi akafa, mjini Usumbura, kando ya maji haya haya. Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa na wananchi kuwa Rais, aliapishwa tarehe 10 Julai 1993, akauawa tarehe 21 Oktoba. Ni siku 103. Vita vikafuata, na watu wengi wakakimbilia kwetu.

Tazama kusini, Zambia, ambako meli yetu ya Liemba ilikuwa ikifika bandari ya Mpulungu. Kenneth Kaunda alitawala miaka 27, tangu 1964. Mwaka wa 1991 alishindwa katika uchaguzi, akakubali, akampisha Frederick Chiluba. Na ng'ambo ya magharibi, Kongo, Mobutu alishika nchi tangu 1965 mpaka 1997, akaondolewa kwa bunduki. Vita hivyo vilipoanza mwaka wa 1996, Wakongo walivuka ziwa kwa mitumbwi, wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu.

Unaona, ndugu msomaji? Kaunda na Mobutu wote wawili walikaa muda mrefu, lakini mmoja aliondoka kwa karatasi ya kura na mwingine kwa vita. Idadi ya miaka peke yake haitoshi. Yafaa tuulize pia: Siku ya mwisho inajulikana? Nani aliyeiweka? Na ikifika, itaheshimiwa?

Jambo hili lilifika mlangoni petu mwaka wa 2015. Warundi walikuwa wamepatana huko Arusha, mwaka wa 2000, katika mazungumzo yaliyoongozwa kwanza na Mwalimu Nyerere, na baada ya kifo chake na Nelson Mandela. Walikubaliana kwamba Rais asitawale zaidi ya vipindi 2. Pierre Nkurunziza akawa Rais mwaka wa 2005 kwa kura za Bunge, na mwaka wa 2010 kwa kura za wananchi. Mwezi wa Aprili 2015 chama chake kikamteua tena. Wafuasi wake wakasema, "Kipindi cha kwanza hakihesabiwi, kwa sababu hakuchaguliwa na wananchi wenyewe." Wapinzani wakasema, "Mapatano ni vipindi 2, navyo vimekwisha." Mahakama ya Katiba ikakubaliana na wafuasi wake. Lakini watu walikuwa wamekwisha jaa barabarani, na risasi zikalia.

Neno moja, "kipindi", lilisomwa kwa njia mbili. Makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia Kagunga, kijiji chetu cha mpakani, chenye mlima mgongoni na ziwa mbele. Walilala ufukweni, wakanywa maji ya ziwa, na kipindupindu kikawaua baadhi yao. Liemba ikaenda kuwachukua, safari baada ya safari, ikawaleta Kigoma. Pengine wewe mwenyewe uliwaona wakishuka na watoto mgongoni.

Nkurunziza hakugombea tena mwaka wa 2020. Alifariki tarehe 8 Juni mwaka huo, na Évariste Ndayishimiye akaapishwa siku 10 baadaye.

Basi, ndugu yangu, ndiyo sababu moja ya kujifunza kusoma. Katiba ni maandishi. Asiyejua kusoma huambiwa na wengine imesema nini. Anayejua kusoma huifungua mwenyewe, akaona siku ya kurudisha mtumbwi imeandikwa wapi, na kama maneno yake yako wazi au yana matundu. Matundu huzibwa mtumbwi ukiwa bado pwani.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Mwalimu Nyerere alikuwa Waziri Mkuu siku ngapi baada ya Uhuru? Alikuwa Rais mpaka mwaka gani?
2. Katiba ilibadilishwa namna gani mwaka wa 1984?
3. Warundi waligombana juu ya neno gani mwaka wa 2015?
4. Mwenyekiti wa chama chenu cha ushirika hukaa miaka mingapi? Jambo hilo limeandikwa wapi? Nendeni mkalisome pamoja.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.