Mwanafunzi Mbele ya Mkuu Wake: Majadiliano ya Lovanium, 1960

Katika historia ya masomo ya juu ya Kongo iko siku moja ambayo vijana wetu wanaisikia mara chache, nayo ni tarehe 29 Januari 1960. Wakati ule wakubwa wa siasa walikuwa Bruxelles, katika Meza ya Duara iliyofunguliwa tarehe 20 ya mwezi uleule, wakijadiliana na Wabelgiji juu ya uhuru. Kule Lovanium, juu ya mlima Amba karibu na Kimwenza, watu walijadiliana neno lingine. Mwanafunzi wa teolojia Tharcisse Tshibangu, mzaliwa wa Kipushi katika Katanga, mwenye miaka 26, alishindana kwa hoja na mkuu wa fakulte yake, Padri Alfred Vanneste, Mbelgiji. Swali lilikuwa hili: je, yaweza kuwako teolojia yenye rangi ya Kiafrika?

Ili tupime vema uzito wa siku ile, tukumbuke hali ya wanafunzi. Universite ilifunguliwa mwaka 1954, na fakulte ya teolojia mwaka 1957 tu. Wenye kuingia humo walitoka katika seminari kubwa. Kule walizoea kushika kwa moyo mafundisho yaliyoandikwa kwa Kilatini, na siku ya mtihani kuyarudisha jinsi walivyoyapokea. Sasa waliombwa kazi nyingine kabisa: kutafuta wenyewe, kupima maandiko, kuandika kitabu kidogo cha uchunguzi, na kukitetea mbele ya walimu. Wengi wamepita njia hiyo, na wanajua kwamba ni ngumu.

Ugumu wa pili ulitoka nyumbani, nao mwalimu mgeni haoni upesi. Kwetu mtoto hajibizani na mkubwa mbele ya watu. Akiona kwamba neno la mzee halikunyooka, ananyamaza. Au anamwendea jioni pamoja na mjomba wake. Au anapitisha wazo lake katika mezali, ili mzee mwenyewe alifungue bila kupata haya. Mwalimu asiyejua desturi hiyo atafikiri kwamba kijana amekubali yote, ama kwamba hana wazo lolote. Ni wangapi waliohesabiwa wajinga sababu ya adabu yao! Basi, Tshibangu kusema «sivyo» mbele ya mkuu wake halikuwa jambo jepesi. Na mkuu kumpa nafasi ya kulisema hadharani, hilo nalo halikuwa jepesi.

Tshibangu alisema nini? Kwa ufupi, kwamba watu wa Afrika wana namna yao ya kuujua ulimwengu na kuufikiri, na kwamba imani ikifikiriwa kwa namna hiyo inaweza kuzaa teolojia ya kweli yenye sura yake, jinsi Wagiriki na Walatini walivyozaa zao. Padri Vanneste akajibu kwamba teolojia lazima kwanza iwe ya kweli, na iliyo ya kweli ni ya watu wote. Aliogopa kwamba mawazo ya dini za wazee hayatabeba mzigo huo, tena kwamba Waafrika wakijifungia katika mambo yao watabaki nje ya mashindano makubwa ya elimu ya dunia.

Sisi tunaona kwamba katika shina la neno mwanafunzi alikuwa karibu na kweli kuliko mwalimu. Mkuu alihukumu desturi ambazo hakuzijua kutoka ndani. Lakini katika kazi ya ualimu tunamsifu, na hatumsifu kidogo. Alimjibu mwanafunzi kwa hoja, kama mtu anavyomjibu mwenzake. Hakumpiga kwa cheo. Tena maneno ya wote wawili yalipigwa chapa mwaka uleule katika Revue du Clergé Africain, iliyotolewa Mayidi, hata msomaji wa Bukavu au wa Kananga aliweza kuyapima mwenyewe. Kijana aliyeona maandiko yake yamewekwa kando ya yale ya mkuu wake amefundishwa neno ambalo masomo mengi darasani hayalifundishi.

Hata hivyo kumpa mwanafunzi nafasi ya kusema hakutoshi. Tutazame mfano wa Padri Vincent Mulago, mwana wa Bushi. Mwaka 1955, kule Roma, katika Propaganda Fide, alimaliza udaktari wake juu ya umoja wa uzima kwa Bashi, Banyarwanda na Barundi. Ushuhuda wa kazi ya namna hii haumo wote katika vitabu. Unakaa katika lugha, katika sala za wazee, katika arusi na matanga. Hapo mwalimu na mwanafunzi wanabadilishana kiti: juu ya njia ya kupima na kupanga, mwalimu anaongoza, juu ya maana ya neno la Kishi, anaongozwa. Mwalimu asiyekubali kukaa chini kwa saa moja atamnyima mwanafunzi wake nusu ya kazi. Mulago mwenyewe alianzisha Kinshasa, mwaka 1966, kituo cha kuchunguza dini za Kiafrika, na tangu 1967 kikatoa jarida lake, Cahiers des Religions Africaines. Tangu hapo mwanafunzi mwenye kuleta habari za kijiji chake alikuwa na mlango wa kubisha.

Na Tshibangu? Alikwenda Louvain, akarudi na cheo cha udaktari, na mwaka 1967 akawekwa kuwa rekta wa Lovanium, Mkongo wa kwanza katika kiti hicho. Padri Vanneste alikuwa angali akifundisha mlimani pale, naye sasa alikuwa chini ya mwanafunzi wake wa zamani. Mwaka 1968 Wiki ya Nne ya Teolojia ilikusanyika Kinshasa, na swali lililowekwa mezani lilikuwa lilelile la mwaka 1960.