Utatuzi wa Hitilafu

Utatuzi wa hitilafu ni kazi ya kutafuta kwa nini programu ya kompyuta inafanya jambo tofauti na lililokusudiwa, kisha kuirekebisha. Katika mazungumzo, baadhi ya watu wa fani hii huiita kudibagi.

Kiingereza huita hitilafu ya programu mdudu (bug). Husimuliwa kwamba jina lilizaliwa tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta ya Mark II pale Harvard walipomkuta nondo ndani ya mtambo na kumbandika kwenye daftari la kumbukumbu. Kisa ni cha kweli, ila jina lilikuwapo zamani: Thomas Edison alilitumia katika barua ya mwaka 1878. Tukisema "kuondoa wadudu", mkulima wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, atawaza kupulizia dawa. Tena mdudu hutoka nje, ilhali programu huharibika kwa yaliyoandikwa ndani yake. Ndiyo maana mwaka 1988 Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi, alihimiza tuseme kosa.

Lakini kosa nalo halitoshi. Hitilafu, neno lenye asili ya Kiarabu, kwanza ni tofauti. Watu wasioafikiana huhitilafiana. Chukua mfumo wa tiketi za basi la Mbeya kwenda Iringa. Karani anaandika 2:00, akimaanisha saa mbili asubuhi. Kompyuta inaelewa saa nane usiku. Kila upande una hesabu yake iliyo sahihi, na abiria anapata tiketi isiyomfaa. Tofauti ya saa 6 kamili inamwelekeza mtaalamu kwenye saa za Kiswahili. Stakabadhi ya saa saba usiku ikibeba tarehe ya jana, atashuku jambo jingine: seva inafuata UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Anayeipima tofauti vizuri huwa ameanza kukiona chanzo.

Kutatua nako kumetokana na tata, kama fungua ilivyotokana na funga. Nyuzi zilizotatana hazikatwi; hufuatwa mmoja mmoja. Hapo ndipo penye uchovu wa kazi hii. Ujumbe wa kompyuta mara nyingi hutaja mstari ambapo hitilafu imejitokeza, wala si ilikoanzia. Mtu hukisia, hujaribu, hulikataa kisio lake, huanza upya. Jioni amebadilisha mstari mmoja, na msimamizi asiyeijua kazi anauliza siku nzima ilikwenda wapi. Ilikwenda kwenye kukataa makisio yasiyo ya kweli, na hiyo ni kazi halali inayostahili ujira na heshima.

Usaili wa ajira mara nyingi hauioni kazi hiyo. Kijana aliyehitimu Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya au Chuo Kikuu cha Iringa hukariri fasili, akaandika msimbo kwenye karatasi pasipo kompyuta ya kuujaribia. Anayekumbuka haraka hupita. Mvumilivu wa kufuata uzi hukosa nafasi ya kujionyesha. Katika utumishi wa umma, baadhi ya kada husailiwa kwa mchujo, kwa vitendo, na kwa mahojiano. Hatua ya vitendo ndiyo mahali pa kupima utatuzi. Msailiwa apewe programu ndogo yenye hitilafu, kompyuta na muda wa kutosha, kisha aeleze kwa sauti anachoshuku, anachopima, na sababu ya kuliacha kisio lake la kwanza. Aruhusiwe kueleza kwa Kiswahili, kwa kuwa kinachopimwa ni fikra. Alama zitolewe kwa njia aliyopita, hata kama muda umeisha kabla hajafika mwisho.

Vyuo navyo vifundishe utatuzi kama somo, kwa mazoezi yanayotokana na mifumo ya hapa: saa zetu, majina yetu, namba zetu za simu. Mhitimu aliyezoezwa hivyo ataingia kazini akijua kwamba kukwama ni sehemu ya kazi, na atajua aanze kupima wapi.