Dawa Haiyeyuki Majini, Humumunyika

Kijitabu kimoja cha maabara kinachozunguka mikononi mwa wanafunzi wa famasi hapa Njombe kimeandika "joto la kuyeyuka" mara mbili katika ukurasa mmoja, kila mara kwa maana yake. La kwanza ni la kugeuza parasetamoli ngumu kuwa kimiminika, jambo linalotokea karibu na nyuzi 170 za Selsiasi. La pili ni la parasetamoli hiyohiyo inapopotelea ndani ya maji ya bomba. Huo ni uzembe, na kamati ya istilahi iliyoupitisha haikuutazama mlinganyo wenyewe.

Katika mlinganyo huo, mawili hayo hukutana. Joto la kumumunyika ni joto la kuyeyuka, yaani la kuvunja fuwele, likijumlishwa na joto la kuchanganyika na kimumunyishi. Kwa istilahi ya wanakamati, joto la kuyeyuka ni joto la kuyeyuka na ziada. Mwanafunzi ashike lipi?

Neno tunalo. Kumumunya ni kula kitu bila kukitafuna: meno yamekaa kando, mate ndiyo yanayofanya kazi. Ongeza -ika, ileile ya lika na someka, upate mumunyika, neno ambalo tayari limebeba uwezekano. Na huo ndio umumunyifu. Ongeza -isha, kimumunyishi hicho hapo. Yeyuka halifiki huko: kiyeyushi chaweza kuwa moto wa mhunzi au spiriti ya mfamasia. Wapo wanaodai mumunya ni neno la vibogoyo, halina hadhi ya maabara. Dai hilo linaniudhi. Neno linaloeleza kwa usahihi namna hiyo kazi ya kimiminika juu ya kigumu limekosa hadhi gani?

Mfano upo pale Kibena: kiwanda cha miwati cha TANWAT, kampuni iliyoanzishwa 1949, kilijengwa kwa kazi ya kutoa tanini kwenye magome kwa maji moto. Gome haliyeyuki. Tanini humumunyika, na joto huisaidia. Parasetamoli nayo hudai joto zaidi kuliko inalorudisha: kilo ya maji ya nyuzi 30 hubeba gramu 17 hivi, ya nyuzi 10, kama ya ndoo iliyolala nje Julai, hubeba gramu 9 tu. Kwa hiyo daftarini umumunyifu uandikwe pamoja na nyuzijoto.

Anayesema sukari imeyeyuka kwenye chai simgombi. Nawagomba wanaosanifu. Nimewapelekea neno mmumunyiko kwa maandishi, na hadi leo sijajibiwa.