Hoja Moja, Majibu Mawili: XPath katika Vivinjari vya Wavuti, 1999–2022

Februari 1998 shirika la W3C, linaloratibu viwango vya wavuti, liliidhinisha XML toleo la 1.0. Uandishi wa hati ukapata kanuni moja. Utafutaji wa taarifa ndani ya hati hizo haukuwa nayo bado. Microsoft haikusubiri. Internet Explorer 5, iliyotolewa Machi 1999, ilikuja na amri ya selectNodes, nayo ilitumia lugha iliyokuwa ingali rasimu. XPath yenyewe iliidhinishwa tarehe 16 Novemba 1999.

Miezi hiyo minane iligharimu miaka. Katika lugha ya rasimu hesabu ilianzia sifuri; katika XPath huanzia moja. Kwa hiyo skripti iliyoomba kitabu[1] ilipewa kitabu cha pili kwa kanuni ya kale, na cha kwanza kwa kanuni rasmi. Kosa la namna hii ni baya kuliko programu kukwama, kwa kuwa halitoi onyo: mtumiaji hupokea jibu, ila si la swali lake. MSXML 3.0 iliikubali XPath, lakini pasipo maelekezo iliendelea kutumia lugha ya rasimu, ili kurasa zilizokwisha kuandikwa zisiharibike. Aliyetaka kiwango rasmi alilazimika kukitaja kupitia sifa ya SelectionLanguage. Toleo la 4.0 ndilo lililogeuza utaratibu huo.

Mozilla ilishika njia nyingine, document.evaluate, iliyoelezwa katika DOM Level 3 XPath. Maandishi hayo yaliishia kuchapishwa kama dokezo la kikundi kazi Februari 2004, wala hayakupata hadhi ya kiwango. Hata hivyo Opera na Safari ziliyafuata. Dokezo, ajabu kidogo, likatiiwa kuliko viwango vingi.

Mzigo uliwaangukia waandishi wa programu. Hata majina ya vipengele yenye nafasi-jina yalidai matamko mawili tofauti: sifa ya SelectionNamespaces kwa Microsoft, na kitendaji cha kufasiri viambishi kwa wengine. Maktaba kama Sarissa zilitungwa kuficha tofauti hizo.

XPath 2.0 iliidhinishwa Januari 2007, lakini vivinjari vikuu vilibaki na toleo la 1999. Nayo Internet Explorer 11 ilipoondolewa katika huduma kwenye matoleo mengi ya Windows 10, tarehe 15 Juni 2022, ilikuwa bado haina document.evaluate.