Kima: Mbona Tunakumbuka Mtu Mmoja Tu?

Ukienda Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, utaona behewa la zamani ambalo kila mtu lazima apige nalo picha. Story yake mnaijua: simba aliingia humo, akaua mzungu.

Lakini wasee, hiyo haikutokea Nairobi. Ilitokea Kima, stesheni ndogo huko Ukambani, siku hizi ni Makueni. Ilikuwa Juni 1900, mwaka mmoja tu baada ya reli kufika Nairobi. Simba mmoja alikuwa ameizoea Kima, akiwinda wafanyakazi wa reli. Charles Ryall, mkubwa wa polisi wa reli, akasimamisha behewa lake pale amvizie, yeye na wenzake wawili. Zamu ya kwanza ilikuwa yake. Usingizi ukamwiba. Simba akaingia mlangoni, akatoka naye dirishani.

Leo Ryall ana kaburi Nairobi, na jina limeandikwa. Behewa lina makumbusho. Simba pia ana hadithi: alinaswa, akaonyeshwa watu, kisha akapigwa risasi.

Sasa niambie, wale wafanyakazi aliowawinda kabla ya Ryall waliitwa nani? Na Wahindi karibu 2,500 waliokufa wakijenga reli hii? Tunawajua kama hesabu tu.

SGR ilipoanza 2017, abiria wa Mombasa walihamia huko. Kwa hivyo kama uko na susu Makueni, muulize kuhusu Kima. Rekodi kwa simu. Hapo ndipo historia yetu imebaki.