Moshi ulifuata watu waliofukuzwa: historia ya sigara na mapafu Marekani

Nchini Marekani, wanaume wanaoishi na wanaume wenzao, na wanawake wanaoishi na wanawake wenzao, wanaugua pumu zaidi kuliko watu walio katika ndoa ya mume na mke. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha hivyo. Pia ni wengi zaidi kati yao wanaovuta sigara. Hawakuzaliwa na mapafu tofauti. Sehemu kubwa ya chanzo iko katika historia.

Hadi miaka ya 1960, watu hao walikuwa wakikamatwa na polisi na kufukuzwa kazini, wengine hata na wazazi wao. Mahali pa kukutana palipobaki ni baa, na ndani ya baa moshi ulijaa kila usiku. Hata humo hawakuwa na usalama. Juni 1969 polisi walivamia baa ya Stonewall Inn mjini New York, watu wakakataa kuondoka, fujo ikaendelea kwa siku kadhaa.

Kampuni za tumbaku ziliona soko pale. Mwaka 1992 Philip Morris ilitangaza sigara zake katika Genre, gazeti la wanaume hao. Mwaka 1995 R.J. Reynolds ilipanga mradi mjini San Francisco, ikilenga mitaa miwili: Castro, walikoishi wengi wao, na Tenderloin, walikolala watu wasio na nyumba. Mradi ulipewa jina SCUM, neno ambalo kwa Kiingereza ni tusi, maana yake watu takataka.

Siri hiyo ilitoka kupitia kesi za mahakamani. Mwaka 1998 kampuni kubwa zilipatana na majimbo 46, zikalazimika kuweka wazi karatasi zao za ndani. Mwaka huohuo jimbo la California lilikataza sigara ndani ya baa.

Aliyefukuzwa kwake hukaa anapopata, na hewa ya hapo ndiyo anayovuta. Familia zilizokimbia vita na kupika kwa kuni ndani ya vibanda vya hema karibu na Goma zinajua jambo hilo: watoto walikuwa wakikohoa usiku kucha. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi aende kituo cha afya apimwe. Huko aulizwe analala wapi na anavuta moshi gani, wala asirudishwe kwa sababu ya mtu anayeishi naye.